Muda wa Kuazima: Wachezaji Tenisi wa Uingereza katika Vyuo Vikuu vya Marekani

Swali la nani anayepaswa kumlea mchezaji wa tenisi kati ya umri wa miaka 18 na 22 limekuwa zito nchini Uingereza katika miaka ya karibuni. Taifa hilo lina mashindano ya Wimbledon, lina chama cha tenisi kilichoundwa mwaka 1888 na kituo cha taifa cha mazoezi kilichofunguliwa Roehampton, London, mwaka 2007, lakini limejikuta likivuna mataji kutoka kwa wachezaji waliopevukia mbali na ardhi yake, katika vyuo vikuu vya Texas, Louisiana, Tennessee na Carolina. Wapo wanaoiona hali hiyo kuwa aibu kwa taifa lenye fedha na viwanja, na wapo wanaoiona kuwa neema iliyokuja bila gharama. Pande zote mbili zinakosa shabaha, kwa kuwa kitu ambacho kijana wa Uingereza hukipata Marekani si ufundi usiopatikana kwao, bali ni muda. Na muda huo, maadamu ni wa kuazima, hauwezi kugeuzwa sera ya taifa pasipo nyumbani kuandaliwa namna ya kumpokea anayerudi na ya kumtunza asiyeondoka.

Ili hoja hiyo ieleweke, ni lazima kwanza utazamwe mpangilio wa tenisi ya kulipwa, ambao unafanana na ngazi yenye vidato vya chini vilivyooza. Mchezaji hupangwa katika orodha ya dunia kwa pointi alizokusanya ndani ya majuma 52 yaliyopita, na anayeanza huzitafuta pointi hizo katika mashindano madogo ya Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, ambako zawadi ya mashindano mazima ya ngazi ya chini kabisa ni dola 15,000 zinazogawanywa kwa washiriki wote, kiasi kwamba bingwa huondoka na takriban dola 2,000 na anayetolewa raundi ya kwanza hapati hata dola 200. Nauli, malazi, chakula na ujira wa kocha hutoka mfukoni mwake mwenyewe. Billy Harris, mzaliwa wa Kisiwa cha Man ambaye hakupitia chuo kikuu, aliimudu hali hiyo kwa kuendesha gari la mizigo barani Ulaya na kulala ndani yake kati ya shindano moja na jingine, hadi alipokaribia wachezaji 100 bora akiwa ameshavuka umri wa miaka 25. Uvumilivu wake unastahili heshima, lakini taifa haliwezi kujenga mfumo juu ya watu wenye uvumilivu wa namna hiyo, kwa sababu ni wachache mno na wengi wa rika lao hukata tamaa mapema.

Chuo kikuu cha Marekani humwondolea kijana karibu mizigo yote hiyo kwa mara moja. Michezo ya vyuo nchini humo husimamiwa na chombo kiitwacho NCAA, ambacho mizizi yake ni ya mwaka 1906, na daraja lake la kwanza hukusanya vyuo vyenye bajeti kubwa zaidi, ambavyo humpa mchezaji kocha, viwanja, tabibu wa viungo, safari na, kwa kiwango kinachotofautiana, ada ya masomo. Hadi msimu wa 2024/25 timu ya wanaume iliruhusiwa ufadhili kamili wa watu wanne na nusu tu, ambao kocha aliukatakata na kuwagawia wachezaji wake, ilhali timu ya wanawake ilikuwa na nafasi 8 kamili, tofauti iliyotokana na sheria ya mwaka 1972 iitwayo Title IX inayovitaka vyuo vitoe fursa sawa kwa jinsia zote, huku nafasi nyingi za wanaume zikimezwa na kandanda ya Kimarekani. Hata ufadhili wa nusu, hata hivyo, humpa kijana miaka minne ya kucheza kila juma bila kuhesabu kama ushindi wa leo utalipia tiketi ya kesho.

Zaidi ya fedha, kuna aina ya mchezo wenyewe. Pambano la vyuo huanza kwa mechi tatu za wawili wawili, ambazo kwa pamoja huzaa pointi moja, kisha hufuata mechi sita za mmoja mmoja, na chuo cha kwanza kufikisha pointi nne ndicho hushinda. Tena alama zinapolingana 40 kwa 40 haichezwi faida, bali pointi moja tu huamua gemu, hivyo kijana huzoea kupiga mpira wa kufa na kupona mara nyingi katika alasiri moja, wenzake wakipiga kelele uwanja wa pili. Kwa kuwa mechi za wawili wawili ndizo zinazofungua pambano, hakuna kocha anayethubutu kuzipuuza, na mchezaji ambaye kwao angezichukulia kuwa mapumziko hulazimika kujifunza kusimama karibu na wavu, kusoma mwendo wa mwenzake na kurudisha mpira wa kuanzishia chini ya miguu ya wapinzani.

Matunda ya mafunzo hayo yanaonekana wazi. Joe Salisbury, aliyesoma Chuo Kikuu cha Memphis, alitwaa taji la wanaume wawili la mashindano ya wazi ya Marekani kwa miaka mitatu mfululizo, kuanzia 2021 hadi 2023, akiwa na Mmarekani Rajeev Ram, na mwaka 2022 alifika nafasi ya kwanza duniani katika tenisi ya wawili. Neal Skupski, aliyepitia Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, alifika nafasi hiyohiyo mwaka huohuo, kisha akashinda Wimbledon mwaka 2023. Mwaka 2024 ilikuwa zamu ya Henry Patten, ambaye hakutoka katika chuo kikubwa bali tawi la Asheville la Chuo Kikuu cha North Carolina, na mwaka 2025 Julian Cash na Lloyd Glasspool, wote wawili zao la vyuo vya Marekani, wakawa jozi ya kwanza ya Waingereza pekee kutwaa taji la wanaume la Wimbledon tangu mwaka 1936. Mfululizo wa namna hii hauwezi kuitwa bahati, kwa kuwa shule iliyoufundisha mchezo huo inajulikana na mtaala wake unaonekana.

Katika mchezo wa mmoja mmoja ushahidi ni mchache zaidi, ingawa si dhaifu. Cameron Norrie alikwenda Chuo Kikuu cha Kikristo cha Texas, mjini Fort Worth, akawa mchezaji namba moja wa vyuo vyote, akaondoka mwaka 2017, na mwezi Februari 2018 akaichezea Uingereza Kombe la Davis kwa mara ya kwanza na kumshinda Mhispania Roberto Bautista Agut baada ya kupoteza seti mbili za mwanzo. Alishinda mashindano ya Indian Wells mwaka 2021, akafika nusu fainali ya Wimbledon mwaka 2022 na kupanda hadi nafasi ya nane duniani, na katika safari hiyo yote kocha wake alikuwa Facundo Lugones, Muargentina waliyecheza naye timu moja chuoni. Jacob Fearnley, Mskoti aliyesoma chuo hichohicho, aliisaidia timu yake kuwa bingwa wa NCAA mwezi Mei 2024, akarudi nyumbani na mwezi uliofuata akashinda mashindano ya Challenger ya Nottingham, yaani ya ngazi iliyo chini tu ya mzunguko mkuu, akianzia raundi za mchujo. Alipewa nafasi Wimbledon, akamnyang'anya Novak Djokovic seti moja katika raundi ya pili, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa ndani ya 100 bora. Mpinzani wake katika fainali ya Nottingham, Charles Broom, naye alikuwa amesoma Marekani.

Wanaoupinga mkondo huu nao wana mifano yao, na haifai kuibeza. Emma Raducanu alishinda taji la Marekani mwaka 2021 akiwa na umri wa miaka 18, miezi michache tu baada ya mitihani yake ya sekondari, na Jack Draper alikwenda moja kwa moja katika tenisi ya kulipwa na kufika nusu fainali ya Marekani mwaka 2024. Andy Murray aliondoka nyumbani akiwa na miaka 15, lakini alielekea Barcelona, kwenye viwanja vya udongo na wachezaji wakomavu. Hoja yao ni kwamba kipaji kikubwa hupotezewa wakati chuoni, kwa kuwa akiwa huko mchezaji hukosa majuma mengi ya kutafuta pointi na hukabili wapinzani walio chini ya kiwango anachokilenga. Hoja hiyo ni ya kweli kwa mtu ambaye akiwa na miaka 18 tayari anawashinda watu wazima, lakini mtu huyo hutokea mara chache katika kizazi, na kosa kubwa la mifumo ya malezi ni kumpima kila kijana kwa kipimo chake, kisha kumhesabu kuwa ameshindwa yule anayehitaji miaka minne zaidi ili mwili na akili yake vikomae.

Hapo ndipo nyumbani panapopaswa kuchunguzwa kwa makini. Mwanafunzi wa Uingereza anayesoma nchini mwake hulipa ada ambayo kwa mwaka wa masomo 2025/26 ilifika hadi pauni 9,535, ingawa Mskoti anayesoma Uskoti halipi, na ligi ya vyuo vya Uingereza, ambayo mechi zake nyingi hupangwa Jumatano, haina watazamaji, safari wala fedha zinazokaribia za Marekani. Pamoja na hayo, vyuo vya Loughborough na Stirling vimethibitisha kwamba mtu anaweza kusoma nyumbani na bado akafika mbali. Mwezi Novemba 2022, jijini Glasgow, jozi iliyoiwakilisha Uingereza katika fainali za Kombe la Billie Jean King, ambalo ni shindano la timu za taifa za wanawake, ilikuwa ya Alicia Barnett aliyesoma Northwestern, karibu na Chicago, na Olivia Nicholls aliyesoma Loughborough. Njia mbili zilikutana katika uwanja mmoja na jezi moja, na hakuna mtazamaji ambaye angeweza kusema kwa kutazama mchezo ni ipi iliyo njia kuu na ni ipi iliyo ya mkato.

Jambo linaloufanya mjadala huu uwe wa haraka ni kwamba mlango wa Marekani hauko mikononi mwa Waingereza. Mwezi Juni 2025 mahakama ya Marekani iliidhinisha maafikiano yanayoviruhusu vyuo kuwalipa wachezaji wao moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza, na sehemu kubwa ya fedha hizo inatazamiwa kwenda kwenye kandanda ya Kimarekani na mpira wa kikapu, michezo inayoingiza mapato. Tenisi haiingizi mapato, na panapotafutwa mahali pa kupunguza matumizi hutazamwa mapema, kama ilivyotokea Chuo Kikuu cha Iowa kilipotangaza mwaka 2020 kuifuta timu yake ya wanaume. Kuna pia manung'uniko ya wazazi wa Kimarekani, kwa kuwa zaidi ya nusu ya wachezaji wa daraja la kwanza ni wageni, na sheria za viza humzuia mwanafunzi wa kigeni kunufaika kikamilifu na malipo hayo mapya. Mlango uliofunguliwa kwa hisani ya mwenye nyumba unaweza kufungwa naye vilevile.

Afrika Mashariki inaifahamu habari hiyo kwa uzoefu wake. Henry Rono wa Kenya alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, na Suleiman Nyambui wa Tanzania, mshindi wa medali ya fedha ya mita 5,000 mjini Moscow mwaka 1980, alisomea El Paso, Texas. Vyuo hivyo viliwapa wanariadha hao kile kilichokosekana kwao, lakini uimara wa Kenya katika mbio ndefu ulipatikana pale kambi za nyumbani, kama zile za Iten, zilipokomaa kiasi kwamba safari ya Marekani ikawa chaguo badala ya lazima. Katika tenisi, ambako kambi kama hizo hazijajengwa, Angella Okutoyi, bingwa wa Wimbledon ya wasichana wawili mwaka 2022, bado alilazimika kuelekea Chuo Kikuu cha Auburn, Alabama. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, wala hawakumkataza mtu kuuswalia msala huo unapopita. Walimwonya asiutupe mkeka wake.

Kwa Uingereza, kuutunza mkeka huo kunadai mambo matatu. La kwanza ni kuacha kumfuta kijana katika hesabu za taifa pindi anapochagua chuo, na badala yake makocha wa chama waendelee kuwasiliana na wa chuoni, ili anaporudi asianze kama mgeni. La pili ni kuitumia kalenda vizuri, kwa kuwa mashindano ya timu za vyuo huisha Mei na mashindano ya nyasi ya Uingereza huanza Juni, pengo dogo ambalo Fearnley alilivuka kwa juhudi zake na ambalo mialiko maalumu ya waandaaji ingeweza kuwavusha wengine wengi. La tatu, na lililo zito zaidi, ni kupeleka sehemu ya fedha za Wimbledon, ambazo ziada yake kwa kawaida huenda kwa chama cha tenisi, katika vyuo vya nyumbani: ufadhili wa ada, mashindano madogo ya kimataifa yanayofanyika viwanjani mwao, na ratiba ya masomo inayoweza kurefushwa kwa mchezaji anayesafiri.

Faida ya hatua hizo haitahesabiwa kwa mataji peke yake. Wachezaji walio wengi, wawe wamekwenda Fort Worth au wamebaki Loughborough, hawatafika 100 bora, na mfumo unaowaacha wakiwa na miaka 23 bila pointi, bila fedha na bila elimu umewatumia kama kuni za kumpikia mtu mmoja. Chuo kikuu, popote kilipo, ndiyo taasisi pekee katika tenisi inayompa anayeshindwa kitu cha kuondoka nacho, na taifa litakaloiweka haki hiyo nyumbani kwake litakuwa limewatendea haki vijana wake hata katika miaka ambayo Marekani imefunga mlango.