Kopo la Oili Haliponyi Injini

Siku hizi mwenye gari anayetaka injini yake idumu anashauriwa afunge kopo la kunasia oili. Ni kopo la alumini, mara nyingi la bluu au jekundu, linalokatiza mpira unaotoka kwenye kifuniko cha valvu kwenda kwenye manifoldi ya kuingizia hewa. Baada ya wiki chache linafunguliwa, kimiminika kichafu kinamwagwa kwenye chupa, na mwenye gari anaambiwa atazame takataka zilizokuwa zikiingia ndani ya injini yake. Karibu kila anayeiona chupa ile hushawishika. Lakini chupa ile haithibitishi kile inachodaiwa kuthibitisha, na kwa kuiamini watu wanapoteza fedha, na wengine wanapoteza injini nzima.

Petroli ikilipuka ndani ya silinda, gesi kidogo hupenya pembeni mwa ringi za pistoni na kushuka kwenye chumba cha krankshafti. Hata injini mpya kabisa hupitisha gesi hiyo, na ndani yake mna mvuke wa maji, petroli ambayo haikuungua na ukungu wa oili. Zamani ilitolewa kwa bomba lililoelekea barabarani, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960 jimbo la California, likisumbuliwa na hewa chafu, lilipotangulia kudai irudishwe ndani ya injini ikachomwe. Kazi hiyo hufanywa na valvu ndogo ya PCV, na faida yake haikuishia kwenye hewa tunayovuta. Unyevu na petroli vinaponyonywa mfululizo kutoka chini, oili hubaki safi kwa muda mrefu na haigeuki tope. Kwa hiyo mfumo ambao kopo linauingilia ni mfumo unaoilinda oili, na yeyote anayeukata mpira wake awe na sababu nzito.

Sasa turudi kwenye chupa. Kwenye gari la safari fupi za mjini, kimiminika kile mara nyingi kina rangi ya chai ya maziwa na harufu kali ya petroli. Rangi hiyo ni maji yaliyochanganyika na oili. Sehemu kubwa ya maji na petroli hiyo ingepita kwenye silinda na kutoka kwa egzosi bila kudhuru kitu. Oili kidogo iliyobaki ingegusa valvu za kuingizia hewa, lakini kwenye Vitz, IST au Probox, nozeli humwagia petroli nyuma ya valvu hizo na kuziosha kila zinapofunguka. Mwenye gari la namna hiyo analinda valvu zinazojiosha zenyewe.

Linaloniuma zaidi ni kopo kuuzwa kama dawa ya gari linalokula oili. Chukua injini ya Toyota 1ZZ-FE ya miaka ya mwanzo, iliyomo kwenye Wish na Premio za 1.8. Matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni zake ni madogo, huziba kwa kaboni, ringi zinashindwa kukwangua, na oili inapanda kuungulia ndani ya silinda. Haipiti kwenye mpira wa PCV hata kidogo, kwa hiyo kopo haliwezi kuinasa. Ya 2AZ-FE, ya Alphard na Harrier za 2.4, ina historia ya ugonjwa huohuo, na kule Marekani Toyota yenyewe iliendesha mpango wa kuwabadilishia wateja pistoni na ringi. Kama kopo lingetosha, kiwanda kisingeshusha injini. Na kopo linapojaa oili haraka, mara nyingi maana yake ni kwamba ringi zimechoka au valvu ya PCV imekufa. Anayelimwaga kila wiki na kufurahi anaishangilia dalili huku ugonjwa ukiendelea.

Nitaambiwa kwamba magari ya mbio yanafungwa kopo. Ni kweli, na kanuni za FIA huliagiza: injini yenye tundu la wazi la kupumulia ibebe chombo cha lita 2, au lita 3 ikizidi 2000 cc. Shabaha ya agizo hilo ni kuzuia oili isimwagike njiani na kuwatelezesha madereva wanaofuata. Kurefusha maisha ya injini hakumo, maana injini ya mbio hufunguliwa na kukaguliwa mara kwa mara.

Hoja nzito ni ya injini ambazo nozeli hupulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda: Noah za D-4, Golf za TSI na nyinginezo. Humo valvu hazioshwi na kaboni huganda kwelikweli. Vivyo hivyo dizeli zenye EGR, mfumo unaorudisha sehemu ya moshi wa egzosi ndani ya injini, ambako masizi hukutana na ukungu wa oili na kuifanya manifoldi iwe na utando mzito mweusi. Hapo nakubali kwamba kopo zuri hupunguza tatizo. Hupunguza tu, kwani kaboni hutokana pia na masizi yenyewe na oili inayovuja kwenye sili za valvu. Kinachoziosha valvu hizo kwenye mfumo wa D-4S wa Toyota ni nozeli za pili, zinazopulizia petroli nyuma yake.

Tena kopo zuri ni nadra. Fungua mengi ya yale ya bei rahisi utazame ndani: ni matupu, hayana wavu wala kizuizi, tundu la kuingilia likitazamana na la kutokea, mvuke ukipita kama ulivyokuja. Likifungwa karibu na egzosi, joto linauzuia mvuke usigande hata kama wavu upo. Mengine yana kichujio kidogo juu kinachopumulia hewani, na hayo yanarudisha mafusho yaleyale yaliyopigwa vita miaka 60 iliyopita, tena jirani na tundu la hewa ya kabini. Mpira mwembamba ukijikunja, presha inapanda na sili za krankshafti zinaanza kuvuja.

Kwenye dizeli yenye tabo hatari ni kubwa zaidi. Kopo likisahauliwa likafurika, oili hunyonywa kwa mkupuo, na dizeli huweza kuichoma oili hiyo kama mafuta. Dereva anazima swichi, injini haizimiki, mzunguko unazidi kupanda hadi kitu kivunjike. Anayefunga kopo kwenye Hilux au Prado bila kumwambia mteja alimwage lini amemwachia hatari hiyo chini ya boneti.

Kwa hiyo fundi anayependekeza kopo aulizwe kwanza kama amepima kompresheni ya kila silinda, na kama ameichomoa valvu ya PCV akaitikisa kusikia inacheza au imeganda. Kwenye magari mengi valvu hiyo ni rahisi kuliko kopo lenyewe, na hubadilishwa kwa dakika chache.