Simu Ikipata Joto, Nani Aamue Kasi Yake?

Wahenga walisema: usione vyaelea, vimeundwa. Methali hii ilizaliwa na vyombo vya baharini, lakini hekima yake inavifaa hata vyombo vya leo. Simu inayokwenda kasi imeundwa iende kasi. Na simu inayozorota mchana wa jua kali, aghalabu, nayo imeundwa izorote. Jambo hili la pili halijulikani na wengi, na kutojulikana kwake kuna gharama.

Mitaa ya Eastlands jijini Nairobi ni ushahidi tosha. Kuanzia Kayole na Dandora hadi Umoja na Donholm, simu si pambo bali ni jembe. Mwendesha bodaboda huifunga kwenye usukani ili aone ramani na wito wa abiria. Dereva wa teksi ya mtandaoni huibandika nyuma ya kioo cha mbele. Nairobi, mji ulio zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, husifiwa kwa ubaridi wake, lakini sifa hiyo haiikingi simu iliyoanikwa juani saa saba mchana, mwanga wa skrini ukiwa juu kabisa na chaja ikiwa imechomekwa. Ramani huganda, wito huchelewa kufunguka, na abiria huchukuliwa na mwingine. Jioni simu hupelekwa kwa fundi, mwenyewe akishuku virusi au akidhani aliuziwa bandia.

Ukweli ni mwingine. Prosesa, yaani kiini kinachotekeleza amri zote za simu, hutumia umeme, na karibu umeme wote huo huishia kuwa joto. Kadiri prosesa inavyokimbia ndivyo joto linavyozidi. Kompyuta ya mezani huwa na feni. Simu nyingi hazina, bali hutegemea mwili wake kulitoa joto hewani. Jua likiupiga mwili huo, joto hukosa pa kwenda. Ndiyo sababu ndani ya simu mna vihisi vya joto. Kikomo kikifikiwa, mfumo hupunguza kasi ya prosesa, hufifiza skrini, na hata husitisha kuchaji. Kampuni ya Apple, kwa mfano, hushauri simu zake zitumiwe mahali penye joto la kati ya nyuzi 0 na 35 za Selsiasi.

Wapo wanaoshikilia kwamba simu ni mali ya mnunuzi, hivyo kizuizi hicho kiondolewe kabisa. Rai hiyo haina mashiko. Betri ya lithiamu inayopata joto kupita kiasi mara kwa mara huzeeka upesi, na ikizidiwa yaweza kuvimba au hata kuwaka. Breki za gari haziondolewi kwa kuwa dereva ana haraka.

Hata hivyo, haifai mtengenezaji naye aachiwe kuamua gizani. Mwaka 2022, watumiaji wa simu za Samsung waligundua kwamba programu iliyomo simuni ilikuwa ikizibana programu nyingine nyingi, huku zile za kupima kasi zikiachwa huru. Malalamiko yalipozidi, kampuni iliomba radhi na kumpa mtumiaji uwezo wa kuizima. Kosa halikuwa kudhibiti joto; kosa lilikuwa kumficha mwenye simu.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 46, inampa mtumiaji haki ya kupata maelezo yanayohitajika ili afaidi kikamilifu bidhaa anayoinunua. Ibara ya 7 nayo inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Ibara hizo mbili zikisomwa pamoja, dai ni wazi: simu inapopunguza kasi, imwambie mwenyewe, na imwambie kwa Kiswahili kinachoeleweka. Haihitaji istilahi nzito. Yatosha iseme: “Simu ina joto jingi. Kasi imepunguzwa. Iweke kivulini.” Kazi ya kuyasanifu maneno kama hayo ni ya wanafunzi wa Kiswahili si haba, wasiwaachie wahandisi peke yao.

Hadi hapo, mtumiaji ana njia zake. Hali ya kuokoa betri, ambayo katika simu nyingi hupunguza pia kasi ya prosesa, yafaa iwashwe kabla simu haijapata moto: mwendo wa wastani usiokatika ni bora kuliko mbio zinazoishia kuganda. Mwanga wa skrini upunguzwe, kifuniko kizito kivuliwe, na simu isichajiwe juani.

Wengi Eastlands wamenunua simu zao kwa lipa polepole. Joto hupunguza kasi ya prosesa. Halipunguzi kasi ya deni. Anayelipia chombo kila siku anastahili kujua kwa nini kimesita.