Jiko la Mwenye Mkahawa Lisizimike

Mtu mkubwa anapofariki dunia, bendera hushushwa nusu mlingoti, na magazeti huandika maisha yake tangu kuzaliwa hata kuzikwa. Mwenye mkahawa wa mji mdogo anapofariki, mlango hufungwa siku tatu, na wateja wake wa asubuhi hutazamana wasijue chai watainywea wapi. Leo tunamwandikia huyu wa pili. Hatumtaji mtu kwa jina, maana tunayemkusudia yumo katika kila mji. Yupo Ngaramtoni, yupo Tengeru, yupo Usa River, na yupo katika mitaa ya Arusha yenyewe chini ya Mlima Meru. Wala hakosekani Wete, Chake Chake, wala Darajani.

Kazi yake wengi wetu twaijua kwa kuila, si kwa kuiona. Huamka kabla ya alfajiri akawasha moto. Chini ya Meru baridi ya Juni na Julai si ya mchezo, na dereva wa lori, mchukuzi wa sokoni na mama aliyeteremsha ndizi na maziwa kutoka mlimani hawaianzi siku bila chai ya moto na chapati, au bakuli la mtori. Mchana huwa wali na maharage, ugali, na ndizi kwa nyama. Usiku, wengine wakilala, yeye huhesabu fedha. Kwanza hutenga ya nyama, unga na mkaa wa kesho. Kinachosalia ndicho ada ya mtoto, dawa ya mzazi na nauli ya mpwa aliyekwama safarini. Watoto wake wamefanyia hesabu za shule kwenye meza ya pembeni, na mkewe ndiye aliyekanda unga tangu siku ya kwanza. Ukutani limeandikwa onyo kwamba leo ni fedha taslimu na mkopo ni kesho, lakini chini ya meza limo daftari la madeni, na majina mengine humo hayatafutwa kamwe.

Mtu huyu si mdogo katika historia ya nchi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipofanya makao yake Arusha mwaka 1967, yeye ndiye aliyewalisha makarani na madereva wake. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 na mpaka wa Kenya ukafungwa, wasafiri wa njia ya Namanga walitoweka, naye akabaki na sufuria zake. Mpaka haukufunguliwa tena hadi mwaka 1983. Katikati ya miaka hiyo ilikuja vita ya Kagera, 1978 na 1979, na baada yake uhaba wa sukari, mafuta na unga ambao wazee hawajausahau. Kuuza chai pasipo sukari ni jambo la kuchekesha leo. Wakati ule lilikuwa swali la iwapo watoto watalala wameshiba. Baadaye ilikuja Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, na wageni wakaongezeka. Mahakama hiyo ikafungwa mwishoni mwa 2015. Mwaka 2020 maradhi ya korona yaliwafukuza watalii. Kila mara wakubwa walikuja na wakaondoka, na jiko lake likaendelea kuwaka.

Wasomaji wetu wa Unguja na Pemba wasidhani kwamba habari hii ni ya Bara peke yake. Ndugu zetu wengi wa Visiwani wamekwenda kutafuta riziki katika miji ya Bara, wakafungua maduka na mikahawa, na pilau yao imezoeleka mbali sana na bahari. Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Swali letu ni hili: atakaporejea, au atakapoitwa na Mola wake huko huko, familia yake itabaki na nini?

Hapo ndipo penye uchungu. Mara nyingi hubaki bila kitu. Hakuna wosia ulioandikwa. Hakuna mchango wowote katika mfuko wa hifadhi ya jamii, si wake wala wa wapishi wake waliomtumikia miaka mingi. Kabla matanga hayajaanuliwa, ndugu wanagombania sufuria na friji, mwenye nyumba anadai kodi yake, na mjane aliyeanzisha mkahawa ule pamoja na marehemu anaambiwa kuwa yeye alikuwa akisaidia tu. Kumsifu marehemu kaburini, kisha kumwacha mjane wake barabarani, si heshima hata kidogo.

Sheria haikukosa mwanga. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilitambua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Shauri lile lilihusu talaka, si mirathi, na Visiwani tunazo sheria zetu za ndoa; lakini maana yake yafaa kuingia katika kila mkahawa. Mwenye kukanda unga naye ni mwenye duka.

Kwa hiyo tunawaomba maofisa wa Serikali mambo matatu. Kwanza, maofisa wa NSSF kwa upande wa Bara na wa ZSSF kwa upande wa Visiwani wawafuate wenye mikahawa huko huko jikoni, wawaeleze kwa lugha nyepesi faida ya kujiwekea akiba na ya kuwaandikisha wafanyakazi wao. Ofisa wa leseni hukosi kumwona mlangoni kila mwaka. Wa hifadhi ya jamii naye ajulikane. Pili, mashauri ya mirathi katika Mahakama za Mwanzo na Mahakama za Kadhi yasikizwe upesi, kwani biashara ya chakula iliyofungwa miezi sita huwa imekufa. Tatu, mwaka 2027 nchi yetu imepangwa kuwa mwenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika pamoja na Kenya na Uganda, na Arusha ni miongoni mwa miji iliyochaguliwa kujengewa uwanja. Usafi wa mji tunauunga mkono, lakini usiwe kisingizio cha kuwafagia wapishi wadogo pamoja na takataka. Mgeni njoo, mwenyeji apone; basi na mwenyeji awepo.

Wenye mikahawa nao hawana budi kutimiza wajibu wao. Andikeni wosia mngali na afya. Wafundisheni wake na watoto wenu hesabu za biashara, wajue nani anadaiwa na nani anadai. Aliyewalisha watu miaka thelathini asiogope kuuliza watoto wake watalishwa na nani.

Na sisi wateja tunalo deni dogo lililo rahisi kulilipa. Atakapofungua mjane mlango ule siku ya nne, twende tukanywe chai pale pale, na tulipe taslimu.