Nasaba ya Mama Nayo Iandikwe

BARAZA YA IJUMAA
Na Zuwena Khalfan

Mmarekani anayetafuta ukoo wake ana pa kuanzia. Sensa ya kwanza ya nchi yake ilifanywa mwaka 1790, ikaandika majina ya wakuu wa kaya tu. Ile ya 1850 ikamwandika kila mtu huru kwa jina lake. Omani ilihesabu watu wake kwa mara ya kwanza mwaka 1993. Kwa familia za Ibra, Sur au Nizwa ambazo wazee wao walivuka bahari kwenda Unguja, hesabu hiyo ilikuja wakati wanaotafutwa wamekwisha kufa, wengi wamezikwa ng'ambo.

Zimebaki karatasi za aina nyingine. Nyaraka za Taifa, Kilimani, Unguja, zimehifadhi hati za Kiarabu za karne ya 19: za deni, za rehani, za kuuziana mashamba. Mwandishi wa hati hakuridhika na jina la kabila peke yake. Alimtaja mkopaji, baba yake, babu yake, ndipo akafika kwenye al-Harthi, al-Barwani au al-Riyami. Kisha tarehe ya Hijria: hati ya 1290 ni ya 1873 au mwanzoni mwa 1874. Mnyororo huo wa majina ndio mali, maana Waharthi ni wengi, na akina Said, Salim na Nasser hurudi kila kizazi.

Baada ya 1970, wengi waliporejea Omani kutoka Afrika Mashariki, mnyororo huohuo ulihitajika. Mzee wa kabila alitaka kujua huyu ni mtoto wa nani, wa kwa nani, na ami zake ni akina nani.

Hakuna aliyeuliza mama ni nani.

Hapo ndipo nasaba zetu zinapokatika. Bibi wengi walikuwa masuria waliochukuliwa bara utumwani. Kisheria mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba alikuwa huru, akabeba jina la baba yake kamili. Hiyo ilikuwa haki yake, lakini jina la mama likabaki midomoni mwa watu wa nyumbani, na baada ya vizazi viwili likapotea. Anayejiita al-Harthi leo ni Mharthi kweli. Ni mjukuu wa Mmanyema au Myao pia, na hilo halina aibu yoyote. Aibu ni kumficha bibi.

Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, Sultani wa Omani na Unguja, alimwandika mama yake. Katika kumbukumbu zake zilizochapishwa 1886 alimtaja kwa jina, Jilfidan, Mcherkesi, suria wa baba yake. Yeye mwenyewe alibatizwa na kuolewa Aden mwaka 1867, akawa Emily Ruete, akaenda kuishi Ujerumani. Anayemtafuta katika vitabu vya Ujerumani kwa jina la al-Busaidi, la ukoo wa baba yake, atapitwa naye. Hata Tippu Tip al-Murjebi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, aliyesimulia maisha yake kwa Kiswahili, alisema mama yake alikuwa binti wa nani.

Mamlaka ya nyaraka ya Omani, iliyoanzishwa mwaka 2007, hupokea na kusajili nyaraka za watu binafsi. Familia zenye masanduku ya hati na barua za Unguja ziyapeleke. Kabla ya hapo bibi aliye hai aulizwe jina la mama yake, la mama wa mama yake na mji alikotoka, naye anayeuliza aandike palepale, kwa tahajia inayofuata matamshi ya bibi.