Kioo cha samaki kimegeuka kijani: usikimbilie javeli

Juma lililopita tuliongea juu ya unga wa muhogo na wadudu wake. Leo tunaingia saloni. Mama mmoja alinisimamisha njiani akaniambia hivi: "Ile akwariomu shemeji aliyowaachia watoto imejaa utelezi wa kijani. Nimeisugua mara tatu, kila mara inarudi. Nitaitupa." Nilimwomba asiitupe, na zaidi nilimwomba asitie javeli, kwani mimi nilikwisha kuitia.

Kijana wangu alikuwa na miaka 10. Likizo nzima aliuza mandazi mbele ya nyumba, akapata pesa za kununua samaki 6 ambao mjomba wake alimletea kutoka Uvira, wale wadogo wa Tanganyika wenye mkia uliochanuka kama wa mbayuwayu. Miezi mitatu mambo yalienda vizuri. Kisha kioo kikawa kijani, majani yakavaa nyuzi kama nywele, na mimi nikaona aibu mbele ya wageni. Siku moja yeye akiwa masomoni, nilitoa samaki katika beseni, nikaosha kila kitu kwa javeli: mawe, kioo, hata sponji ya chujio. Nikasuuza sana, nikajaza maji mapya ya robine, nikarudisha samaki. Maji yalingʼaa! Kufika siku ya tano samaki wote walikuwa wamekufa. Kijana hakulia. Alikaa siku mbili bila kunisemesha.

Nilidhani ni harufu ya javeli iliyobaki. Baadaye nilielewa kwamba hata kama ningesuuza mara kumi, hatari ilikuwa palepale. Katika ile sponji wanaishi vijidudu vyema, vidogo visivyoonekana, ambavyo hubadilisha amonia inayotoka kwa samaki kuwa nitrati isiyo kali. Mimi niliviua vyote kwa saa moja. Amonia ikapanda, na katika maji ya namna wanayopenda samaki wa Tanganyika, ambayo si ya asidi, amonia inakuwa sumu kali zaidi. Sponji huoshwa kwa kukamuliwa ndani ya maji yaliyotolewa katika akwariomu yenyewe, basi. Si robine, si sabuni.

Sasa ule utelezi. Wenye shule wanauita algi, sisi tuseme mwani. Mwani si uchafu, ni mmea, na mmea unaota mahali penye mwanga na mbolea. Mnaijua mbolea ya NPK ya shambani: ile P ni fosforasi, na ndani ya maji tunaikuta kama fosfati. Nani anatia mbolea katika kioo? Ni sisi, kwa chakula. Kwangu nilihesabu mikono mitano: kijana, dada zake wawili, bibi yao, na mimi. Kila mtu alirusha kidogo akipita. Bibi alirusha hata bugali. Halafu tulikuwa tunasaga ndagala wakavu, pamoja na mifupa, na mifupa ndiyo ghala la fosfati. Chakula kisicholiwa kinaoza chini, kinacholiwa kinatoka nyuma ya samaki, na yote yanabaki mlemle, kwa sababu kioo hakina mto wa kuyachukua.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni mkono wa kulisha. Sisi tulichukua kichupa kidogo, Jumatatu tunatia chakula cha juma zima, na mtu mmoja tu anakishika. Kikiisha, kimeisha. Kila mara ni kiasi ambacho samaki wanamaliza kwa dakika mbili, na siku moja katika juma hawali kabisa. Bibi alisema ni ukatili. Samaki wakubwa wenye afya hawafi kwa kukosa chakula siku moja, mama.

Ya pili ni maji. Akwariomu yetu ni ya litri 60, basi bidoni moja ya litri 20 ni theluthi, na hiyo ndiyo kazi ya kila Jumamosi. Ikiwa hali imeharibika, badilisha nusu: fosfati ikiwa miligramu 4 kwa litri inashuka hadi 2, na nusu nyingine baada ya siku chache inaishusha hadi 1, mradi chakula kimepunguzwa. Maji ya robine yenye klori yaache katika beseni wazi siku nzima kwanza. Bidoni iliyofungwa haisaidii.

Ya tatu ni mwanga. Toa akwariomu dirishani. Jua la moja kwa moja linalisha mwani kuliko majani. Taa saa 7 kwa siku zinatosha. Kwetu tunaiwasha watoto wakirudi masomoni, ili wao pia waone kitu.

Lakini mimi ninayependa kuliko yote ni majani yenyewe. Mmea unaokua mbio unakula fosfati ile ile, na mwani unabaki na njaa. Kabichi ya maji, ile inayoelea, inafaa sana: kila juma unaokota nusu yake unatoa nje, na mbolea inatoka pamoja nayo. Anubias, mmea wa mito ya misitu yetu ambao Wazungu wanaununua kwa bei, ni mzuri lakini unakua polepole, hauwezi kazi hiyo peke yake. Na msitafute kumaliza fosfati kabisa. Majani nayo yanaihitaji. Ikikosekana yanasimama kukua, na vidoa vigumu vya kijani vinashika kwenye kioo na kwenye Anubias. Watu wengi wa akwariomu zenye majani wanaona nusu miligramu hadi moja kwa litri ni sawa. Usipokuwa na kipimo, angalia majani: yakitoa machipukizi mapya na kioo kikahitaji kupanguswa mara moja kwa juma, uko vizuri.

Zile dawa za chupa za kuua mwani mimi sizitaki. Mwani unakufa, unaoza, na fosfati inarudi majini. Unanunua tatizo lako mara ya pili.

Neno moja zito. Watoto watataka kuokota konokono ziwani au bwawani ili wale mwani. Msiwaruhusu. Konokono fulani wa maji yetu wanabeba kichocho, na ugonjwa unaingia kwa ngozi tu, mtoto akitia mkono majini. Majani ya kuokota nayo yanaweza kuwa na konokono au mayai yao, kwa hiyo nunua kwa mtu anayeyakuza nyumbani kwake. Na kabichi ya maji usiitupe mtoni wala ziwani, inaenea hadi inaziba.

Umeme ukikatika saa nyingi, sponji inakosa hewa na vijidudu vinaanza kufa. Kabla ya kuwasha tena, kamua sponji katika maji ya akwariomu, mwaga yale machafu, ndipo uwashe.

Kijana wangu sasa ana miaka 12. Mjomba alileta samaki wengine, na tulingoja majuma sita chujio likomae kabla ya kuwatia. Jumamosi yeye mwenyewe anabeba ile bidoni ya maji ya zamani kwenda kumwagia lengalenga, na kabichi ya maji anaitandaza juu ya udongo. Sponji ananikataza kuigusa.