Msimamizi wa mirathi si mwenye mali

Mkulima akifariki dunia, hesabu za shamba lake nazo mara nyingi hufa siku hiyo hiyo. Baada ya matanga familia hukaa kikao na kumchagua mtu mmoja, aghalabu kaka mkubwa au baba mdogo. Huyo hupeleka muhtasari wa kikao Mahakama ya Mwanzo na baadaye hurudi na barua ya usimamizi wa mirathi. Kinachofuata katika familia nyingi ni ukimya. Msimu wa kwanza unapita, wa pili unapita, kahawa inavunwa na kuuzwa, kodi ya fremu za duka inakusanywa, lakini mjane na watoto hawaelezwi hata shilingi moja imekwenda wapi.

Chanzo cha matatizo hayo ni dhana potofu kwamba barua ya mahakama humfanya msimamizi kuwa mrithi mkuu. Kisheria kazi zake ni tatu: kukusanya mali za marehemu, kulipa madeni yake, na kugawa kinachobaki kwa warithi. Akishamaliza hayo na kutoa hesabu, kazi imekwisha. Awe ametajwa katika wosia au amependekezwa na ukoo, anafanana zaidi na katibu wa chama cha msingi aliyekabidhiwa fedha za wakulima kuliko na mwenye shamba.

Hasara ya mirathi isiyokwisha si ya familia yenye ugomvi tu. Hakuna kijana atakayeng'oa mibuni iliyozeeka na kupanda miche mipya kwenye ardhi asiyojua kama itakuwa yake. Hakuna benki itakayotoa mkopo kwa mtoto aliyeleta hati yenye jina la marehemu baba yake. Na fedha ndogo ndogo zisizoulizwa huwa nyingi. Mfano ni fremu mbili zinazopangishwa kwa Sh60,000 kila moja kwa mwezi. Kwa mwaka ni Sh1,440,000, na kwa miaka mitano ni Sh7,200,000. Kiasi hicho kinaweza kusomesha watoto au kununua ng'ombe wa maziwa, lakini hupotea bila mtu kuvunja kufuli.

Wahenga wa biashara walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sheria ya Tanzania inadai daftari hilo. Kanuni za mwaka 1971 zinazohusu mirathi katika Mahakama za Mwanzo zinamtaka msimamizi, ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa, apeleke mahakamani orodha kamili na ya kweli ya mali na madeni ya marehemu kwa Fomu Namba 5. Baada ya hapo, kwa vipindi vitakavyopangwa na mahakama, anapaswa kujaza Fomu Namba 6 inayoonyesha fedha zilizoingia, zilizolipwa, na mali iliyouzwa. Kwa mirathi zinazofuata Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352, orodha inatakiwa ndani ya miezi sita na hesabu ndani ya mwaka mmoja, isipokuwa mahakama imeongeza muda.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya mrithi mwenye mashaka si ugomvi. Ni kwenda mahakama iliyomteua msimamizi, akiwa na namba ya shauri, na kuuliza kama orodha na hesabu zimo katika jalada. Kama hazimo, aandike barua kwa hakimu akiomba msimamizi aitwe kuziwasilisha. Zikiwapo lakini zimeficha ng'ombe, shamba au akaunti ya benki, aeleze kilichofichwa na alete vielelezo au mashahidi.

Hatua ya pili ni kuomba uteuzi utenguliwe. Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka ya kumwondoa msimamizi kukiwa na sababu za kutosha na kumwamuru arudishe nyaraka alizopewa. Chini ya Sura ya 352, miongoni mwa sababu za kutengua ni kupata usimamizi kwa udanganyifu, kukaidi kwa makusudi kuwasilisha orodha au hesabu, au kuwasilisha zenye uongo. Anayeomba ajiandae kupendekeza mtu mwingine mwaminifu, maana mirathi bila msimamizi inakwama tena.

Hatua ya tatu ni fidia. Msimamizi anayetumia mali vibaya au kuisababishia hasara anawajibika kuilipa yeye mwenyewe. Yapo makosa ya kukimbilia Baraza la Ardhi na Nyumba, kumbe malalamiko kuhusu mwenendo wa msimamizi yanapaswa kuanzia katika mahakama iliyomteua, kwenye shauri lile lile la mirathi. Asiyeridhika na uamuzi wa Mahakama ya Mwanzo anazo siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya.

Lakini muda ndio kila kitu. Mahakama ya Rufani ilikwisha kueleza kwamba msimamizi anaweza kuuza mali ya marehemu bila kupata kwanza ridhaa ya kila mrithi. Na kumwondoa msimamizi hakurudishi lenyewe shamba lililokwisha kuuzwa. Kesi dhidi ya mnunuzi huweza kuchukua miaka. Mrithi anayesikia dalali anazungushwa shambani aombe mahakama izuie mauzo mara moja. Kama ardhi ina hati, zuio linaweza pia kuombwa kwa Msajili wa Hati. Kama ni ardhi ya kijiji yenye haki ya kimila, Halmashauri ya Kijiji ndiyo yenye kuidhinisha uhamisho, hivyo ipelekewe taarifa ya mgogoro kwa maandishi mapema.

Wapo watakaosema kumfikisha baba mdogo mbele ya hakimu ni kuvunja ukoo. Hoja hiyo ina uzito, lakini ukoo huvunjwa zaidi na mali iliyoliwa kuliko na hesabu iliyosomwa. Msimamizi mwaminifu hufaidika na hesabu kuliko mtu yeyote, kwa kuwa humwondolea shutuma za miaka mingi. Na gharama isiwe kisingizio. Mashauri ya Mahakama ya Mwanzo husikilizwa kwa Kiswahili, mrithi anaweza kujieleza mwenyewe, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria wanaohudumia wasio na uwezo.

Mahakama nazo zina sehemu yake. Ingefaa kila barua ya usimamizi iandikwe tarehe kamili ya kuwasilisha orodha, na msimamizi asiyetokea siku hiyo aitwe bila kungoja mjane aje kulia mlangoni. Familia nazo ziweke tarehe hiyo katika muhtasari wa kikao, pamoja na orodha ya mali iliyotiwa saini na wote, kabla msimamizi hajapanda basi kwenda mahakamani.