Mkaguzi wa umeme huja mara moja

Ndugu Mhariri,

Tangu nguzo za REA zifike kijijini kwetu, nyumba hukaguliwa siku ya kuunganishiwa umeme, basi. Siku hiyo fundi ana leseni ya EWURA na nyaya ziko sawa. Baadaye mwenye nyumba anaongeza vyumba vya kupangisha, anavuta waya mwembamba wa taa kutoka soketi ya sebuleni, na mpangaji anachomeka jiko la wati 2,000. Hizo ni karibu ampea 9! Sakiti breka ikikata, wanafunga kubwa zaidi, eti ya kwanza mbovu, kumbe ilikuwa ikizuia waya usiungue. Ukaguzi wa awali hauvihusu vyumba hivyo. Wahusika wapange ukaguzi wa pili kila nyumba inapoongezwa, hata kwa ada ndogo.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Kilosa.